Vibaraza 11 vya kwenda sokoni

Mwaka jana kwenye masika baba alitumbukia mtaroni. Wala sio mtaro wa ajabu, ni huu huu wa mawe unaopita mbele ya nyumba za watu kule Ujiji, kina chake kinanifika kiunoni, na mbele ya nyumba yetu hakukuwa na kalavati, waliochimba walimaliza kazi wakaondoka zao na sisi tukalaza mbao mbili tukasema tutajenga, unaijua ile "tutajenga", na mbao moja ilikuwa inacheza. Mzee alikuwa anatoka alfajiri kwenda msikitini. Vijana waliokuwa wanapandisha kutoka ziwani ndo walimtoa. Hakuvunjika alhamdulillahi, ila muundi ulichubuka wote na goti likaumuka kama andazi.

Saa 2 asubuhi grupu la familia tayari linawaka. Dada wa Dar anasema baba asikae tena kule, kaka wa Mwanza anasema nyumba yenyewe ya udongo imeshaanza kupasuka, shemeji ambaye hata hakuulizwa naye kaweka voisi ya dakika 4, mwisho wa yote wakakumbuka kwamba mimi ndo niko Kigoma hapa hapa na nimejenga. Kweli nimejenga. Huku juu, kwenye viwanja vya kupimwa, nyumba ina tailizi, choo ndani, maji ndani, fensi, geti la chuma. Baba akahamishwa na kitanda chake na redio yake na cherehani ambayo hashoni tena, tukashusha pumzi wote, mzee kapata pa kupumzikia.

Basi akapumzika kweli kweli. Ndani ya miezi mitatu alikuwa anatoka chumbani anakuja sebuleni, sebuleni anaenda barazani, barazani anarudi chumbani. Miguu ikaanza kuvimba jioni. Kwenye kliniki ya presha daktari, kijana mmoja mpole tu, akamwambia mzee wangu jitahidi utembee, hata nusu saa kwa siku, baba akajibu nimekusikia mwanangu. Tulivyopanda bajaji akanigeukia, "Nitembee niende wapi?"

Nilicheka. Sikupaswa kucheka, maana lile swali nimekaa nalo mpaka leo.

Ujue mimi nilidhani baba ni mtu asiyefanya mazoezi. Hajawahi. Ni fundi cherehani, maisha yake yote kakaa kwenye kiti, na ukimwambia habari ya mazoezi anawaza wale vijana wa jogingi wanaopita Jumamosi wanaimba. Sasa alipoenda kukaa kwa mama mkubwa Ujiji siku 4 nikampa simu yangu ya zamani, nikamwambia baba hii itumbukize kwenye mfuko wa koti usiitoe, ile simu inahesabu hatua. Huku kwangu ilikuwa imeshahesabu, 900, siku akizidisha 1,100. Ujiji ilileta 5,000 na kitu kila siku. Mtu yule yule, goti lile lile, umri 76.

Nikakaa nikapiga hesabu. Kutoka pale mpaka msikitini ni hatua kama 240. Swala tano, kwenda na kurudi mara 10, hizo ni 2,400 kabla hujamwona hata mtu mmoja. Ongeza kahawa ya jioni, ongeza sokoni, ongeza "nimpitie fulani nasikia anaumwa". Na ndani ya msikiti kwenyewe, rakaa za faradhi ni 17 kwa siku, kuinama, kushuka, kuinuka. Shirika la Afya Duniani linasema mtu wa miaka 65 na kuendelea apate walau dakika 150 kwa wiki za kujishughulisha kwa kiasi, na siku 3 au zaidi afanye mazoezi ya kumpa uthabiti na nguvu ili asidondoke. Baba alikuwa anayafanya hayo yote bila kujua kwamba anayafanya. Huku kwangu msikiti upo mbali karibu kilomita nzima, na ni mlima, kwa hiyo anasali ndani, kwenye kiti.

Kaka wa Mwanza akashauri tuchange tumnunulie ile mashine ya kukimbilia mahali pamoja. Naomba niishie hapo kuhusu kaka.

Jumamosi moja nikaamua nitembee naye kutoka kwa mama mkubwa mpaka sokoni, nikiwa sina haraka, na nikiwa nahesabu. Sio mbali, mimi peke yangu natumia dakika 10. Na baba tulitumia dakika 55. Na nilichokigundua ni kwamba baba hatembei kwenda sokoni, baba anakaa kwenda sokoni. Anatoka kibaraza hiki anaenda kibaraza kile. Vilikuwa 11. Kama hujafika Ujiji, nyumba za kule za zamani ni za Kiswahili, mlango wa mbele unatazama njia, na chini ya ukuta huku na huku ya mlango kuna kile kikalio cha udongo au simenti kilichojengwa pamoja na nyumba, bati limetokeza mbele kidogo linatia kivuli. Hakina mwenyewe. Yaani kina mwenyewe lakini ukikaa hakuna atakayekuuliza umekaa kwa nini, atakuuliza habari za nyumbani.

Cha kwanza kwa fundi saa. Hapo hakai, anaegemea tu fimbo na kusalimia, kama mtu anayepasha injini. Cha pili anakaa. Na kabla ya kukaa anakipiga kile kikalio kwa kiganja mara mbili, paf paf, nilidhani anafuta vumbi kumbe anasikiliza joto, kama jua limekipiga anavuka anaenda upande wa pili wa njia. Asubuhi wanakaa upande huu, baada ya adhuhuri wanahamia upande ule, wazee wote, na hakuna aliyewapangia. Cha nne kipo chini ya mwembe, hapo kuna drafti ya vizibo vya soda na ni lazima atoe maoni kwamba anayecheza hajui kucheza. Cha sita kimemomonyoka pembe moja ila ndo kina urefu sawasawa, akikaa magoti hayapandi juu, kuinuka ni kitendo kimoja, vile vifupi ananishika mkono. Mimi nimepita njia ile tangu niko chekechea na sikuwahi kujua kwamba vibaraza vinatofautiana urefu.

Kati ya cha saba na cha nane kuna pengo. Nyumba mbili zimevunjwa, wamejenga ukuta mmoja mrefu wa tofali na vigae vya chupa juu, mita kama 80 hakuna pa kuegesha mgongo. Pale baba alinyamaza. Hadithi aliyokuwa ananisimulia aliikata katikati, akakaza macho mbele, na alipokaa kwenye cha nane akaendelea na neno lile lile alilolikatia. Hizo mita 80 ndo zilikuwa kazi. Nyingine zote zilikuwa stori.

Kuna watafiti wa Kijapani, akina Takano, mwaka 2002 walitoa utafiti wao wa wazee zaidi ya 3,000 wa Tokyo waliozaliwa kati ya 1903 na 1918, waliwafuatilia miaka mitano kuona nani bado yuko hai. Wakapata kwamba waliokuwa na sehemu ya kutembeatembea karibu na nyumbani, na njia zenye miti, walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai, hata ukishatoa mambo ya umri na jinsia na kipato. Kitu kingine kilichojitokeza humo ni kupenda kuendelea kuishi pale pale mtaani kwao. Hapo nilisimama kusoma nikaenda kunywa maji. Sisi tumemhamisha mtu kwa kikao cha WhatsApp.

Na Marekani, kaunti ya Alameda kule California, Balfour na Kaplan nao waliangalia watu wa miaka 55 na kuendelea, wakakuta wale wanaoishi kwenye mitaa yenye matatizo, makelele, taa hafifu, magari mengi, usafiri wa shida, walikuwa wanapoteza uwezo wa mwili haraka kuliko wenzao, na hiyo ni ndani ya mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja. Mimi miezi mitatu ilinitosha kuona kwa macho.

Ila sitaki mtu aone nasema Ujiji ni peponi. Barabara kubwa ya kwenda Kigoma mjini ikishawekwa lami imekuwa kitu kingine, boda wanapita kama wanafukuzwa. Waingereza waliwahi kupima mwendo wa wazee wao, wastani wa wanaume mita 0.9 kwa sekunde, wanawake 0.8, wakati taa zao za kuvukia zilikuwa zimepangwa kwa mtu anayekwenda mita 1.2, maana yake taa ilikuwa inawakata wazee wakiwa katikati. Sisi hiyo taa yenyewe hatuna. Chukua barabara ya mita 7, bibi anayetembea 0.8 anahitaji karibu sekunde 9 kuvuka, na katika sekunde 9 boda anayekimbia 50 kwa saa kashakula zaidi ya mita 120. Kwa hiyo ukiangalia kushoto ukaona hakuna kitu, na wewe ni bibi, bado hujaona kitu. Singapore tangu 2009 wana vivuko ambavyo mzee anagusisha kadi yake taa ya kijani inamwongezea sekunde. Kwetu hata tuta moja la maana mbele ya soko lingetosha, tuta tu.

Halafu kuna choo. Hili hawalisemi watu na mimi nalisema. Mzee anayesumbuliwa na tezi dume anachora ramani ya mji kwa vyoo. Baba sokoni anafika kwa sababu msikiti wa njiani una choo safi na maji, angekuwa hajui choo kiko wapi asingetoka, angekuambia tu "leo sijisikii". Nafurahi kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2007, lilipotoa mwongozo wa miji inayowafaa wazee baada ya kuongea na wazee wenyewe wa miji 33 duniani, Nairobi ikiwemo, vyoo viliingia. Vyoo na mahali pa kukaa. Yaani ukiwauliza wazee hawakuambii habari ya viwanja vya mazoezi.

Mama mkubwa alinisikia namsifia baba na vibaraza vyake akaguna. "Hivyo vya wanaume mwanangu. Mimi nikakae njiani nimtazame nani?" Na ni kweli, yeye simjui akikaa mbele ya nyumba ya mtu hata siku moja. Njia zake ni za nyuma. Anatoka mlango wa uani, anakata uchochoro, anaingia ua wa jirani na hodi yake, anakaa kwenye mkeka anachambua dagaa wa watu kidogo, anatoka mlango wa pili, ua mwingine, huku wanakamua nazi anaonja chumvi, na hivyo hivyo mpaka kwa binti yake mtaa wa tatu. Hatoki juani kabisa. Ile nyumba ya ukuta wa chupa ndo ilimziba uchochoro wake, sasa kwa binti yake inabidi azunguke barabarani, boda, mtaro, jua, na amepunguza kwenda, zamani kila siku sasa Ijumaa. Ukuta mmoja umewakata watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, na aliyeujenga wala hana ubaya na mtu, anaogopa wezi kama mimi.

Kama mimi. Maana sasa nirudi kwangu.

Siku niliporudi toka Ujiji nilisimama nje ya geti langu nikatazama mtaa wetu kama vile sijawahi kuuona. Njia pana, mita 12 labda, imepitishwa greda ikaachwa na changarawe inayoteleza. Huku ukuta, kule ukuta. Geti, geti, geti, geti la mwenye mbwa. Mti hakuna hata mmoja uliobaki nje, miembe iliyokuwepo ilikatwa wakati wa kupima viwanja, iliyopo ni ya ndani ya fensi na ni ya maua. Duka la karibu liko barabara kuu. Kila kiwanja kikubwa kwa hiyo kutoka kwa mtu mpaka kwa mtu ni safari. Na mchana hakuna binadamu, watu wazima kazini, watoto shule, kuna wadada wa kazi na wazee waliohamishwa kama baba, kila mmoja nyuma ya geti lake. Mtaa wetu unasifiwa umepangika. Umepangika kwa ajili ya mtu anayetoka na gari anarudi na gari.

Kuna jambo huwa linanichekesha. Kigoma mgeni akija tunamkimbiza Ujiji kwenye makumbusho kumwonyesha mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe. Salamu ile kila mtu anaijua. Kinachosahaulika ni kilichofuata, Stanley mwenyewe alieleza kwamba wakaenda kukaa kibarazani kwa Livingstone, kikalio cha udongo chini ya ukingo wa paa, mkeka na ngozi ya mbuzi juu, migongo ukutani, wakaongea mpaka jua likazama. Mzee wa miaka 58 mgonjwa, mahali anapokaa kusubiri dunia imfikie ni kibaraza. Tumeuwekea mwembe mnara na vibaraza tunavivunja.

Basi nikamwita fundi. Nikamwambia nataka kibaraza nje ya fensi, upande wa njia. Akauliza nje wapi, nikamwonyesha, akauliza tena, akaona mimi ndo sijaelewa nilichokisema. "Bosi, huko nje watakaa watu." Nikamwambia ndo maana yake. Tofali, simenti mifuko mitatu, bati mbili kutokeza juu ya ukuta, urefu wa kikalio nilikuwa nimeupima Ujiji kwa kamba, kile cha sita kilichomomonyoka. Baba alikuja kukagua kila siku, na mimi sikusema kitu ila nilihesabu, kutoka chumbani mpaka kwa fundi na kurudi, mara 5, mara 6 kwa siku. Siku ya kumwagia simenti laini ya juu alikuwepo tangu saa 1 asubuhi amevaa kofia.

Wiki ya kwanza alikaa peke yake na redio. Nikaanza kujisikia mjinga. Wiki ya pili dada wa kazi wa nyumba ya tatu akawa anamleta bibi wa pale, bibi wa Kiha hasemi Kiswahili sana, anakaa mwisho wa kikalio na baba anakaa mwisho mwingine, katikati redio. Baadaye muuza kahawa akagundua. Baadaye boda wawili wakaona kuna kivuli wakafanya kijiwe, na hapo jirani mmoja akanifuata kwamba namletea wahuni mtaani, ana haki yake, kuna siku wameacha makopo ya enaji pale na matusi yao nayasikia sebuleni. Nimeongea nao. Wanampisha mzee akitoka, hilo nakiri, na yule mmoja ndo anampandisha msikitini Ijumaa, hamtozi baba kitu maana anajua kabisa kwamba mimi namlipa.

Mama mkubwa alikuja kuona akasema pazuri, kisha akapita moja kwa moja ndani mpaka uani akauliza huku nyuma mlango wa kutokea uko wapi. Hakuna. Kwa nyuma tumepakana ukuta kwa ukuta na mtu ambaye sijui hata jina lake.

Hatua sasa hivi ni 2,300, siku nzuri 2,600. Sio Ujiji. Mtaro wa Ujiji tuliuwekea kalavati mwezi wa nane, zege lenye nondo, ndugu tumechanga haikuzidi hela ya ile mashine ya kaka, na kila nikipita pale naangalia lile zege najiuliza tulishindwa nini mwaka mzima.

Tatizo lililobaki ni ule mlima wa msikitini. Baba ameupima kwa fimbo yake, anasema kutoka kibaraza chetu anaweza kufika mpaka kwa mwenye mbwa, hapo pumzi inaisha, na kutoka hapo mpaka msikitini angefika kama angekaa kidogo. Kwa hiyo anataka kimoja pale. Nimemwambia baba ule ni ukuta wa mtu, hatumjui, ana mbwa watatu. Jana usiku kaniita, kazima redio kabisa, akaniambia nimpelekee salamu yule bwana, nimwambie mzee wa geti la bluu anaomba kikalio cha watu wawili tu, simenti atatoa yeye mifuko miwili kwenye hela yake ya fidia ya shamba, na mbwa hana shida nao wabaki ndani. Nimeenda asubuhi nimebonyeza kengele. Wamebweka wote watatu, hakuna aliyefungua. Kesho napita tena kabla hajatoka na gari.